Kuepa si Kutoroka: Uhakiki wa Rasimu ya Kanuni za Mchezo wa Mapambano ya Kale

Miongoni mwa michezo ya ubao inayoiga mapambano ya zama za kale, mmoja uliopata wapenzi wengi ni Commands & Colors: Ancients, uliobuniwa na Richard Borg na kuchapishwa na GMT Games ya Marekani mwaka 2006. Wachezaji ni wawili. Mmoja huongoza jeshi la Roma, kwa mfano, na mwenziwe jeshi la Karthago, juu ya ubao uliogawanywa katika pembesita, 13 kwa upana na 9 kwa kina. Kila kikosi ni kete kadha wa kadha za mbao. Amri hutolewa kwa karata, na pigo huamuliwa kwa dadu. Kwa msaada wa programu ya Vassal, ambayo hutolewa bure, wachezaji walio mbalimbali huweza kukutana kwenye ubao mmoja kwa njia ya intaneti, na hivyo kufanya mashindano bila ya yeyote kuondoka kwake.

Rasimu ya Kiswahili ya kanuni za mchezo huu, iliyoandaliwa kwa ajili ya mashindano ya namna hiyo, imeletwa mezani petu ili ihakikiwe. Jina la mfasiri hatutalitaja, kwa kuwa tunaihakiki kazi, hatumhukumu mtu. Na kazi yenyewe, licha ya kasoro tutakazozieleza, yastahili heshima.

Huenda msomaji akauliza: mchezo una nini hata upewe nafasi katika kurasa zinazoshughulikia istilahi za sheria, afya na kilimo? Jibu letu ni kwamba kanuni za mashindano ni sheria ndogo. Wachezaji wawili wanaochezea miji miwili tofauti hawana mwamuzi aliyeketi kati yao. Wakigombana, mwamuzi wao ni maandishi. Neno likiwa na maana mbili, mmoja atadhulumiwa, na kesho yake wote wawili watairudia nakala ya Kiingereza wakisema kuwa Kiswahili hakitoshi. Wala Kiswahili si kigeni katika uwanja huu. Bao lina istilahi zake kamili: kete, shimo, nyumba, kunamua, kutakata, mtaji. Hata goli la mpira wa miguu twaliita bao. Lugha iliyojiwekea msamiati kama huo haina sababu ya kuomba radhi inapotakiwa kueleza mchezo mwingine.

Tuanze na yaliyo mema. Mfasiri amechagua kete badala ya kuutohoa msamiati wa Kiingereza, na amefanya vyema. Karata za amri ni istilahi inayoeleweka mara moja. Jemadari ni neno lenye uzito unaostahili. Kwa mtu wa kombeo na mtu wa upinde ameyatumia maneno hayo hayo ya kwetu, wala hakuona haya. Lakini kwa umbo la pembe sita ameandika heksi, ilhali pembesita limo katika vitabu vya hisabati vya shule. Mwenye kuunda istilahi yampasa kwanza atazame ghalani kabla ya kwenda dukani.

Kasoro kubwa ya kwanza ni neno moja kubebeshwa dhana mbili. Uso mmoja wa dadu una picha ya bendera. Dadu ikiangukia uso huo, kikosi kilichoshambuliwa hurudi nyuma. Tena, mchezaji anayeteketeza kikosi cha mwenziwe hupata alama ya ushindi, na afikishaye idadi iliyowekwa kwa pambano hilo ndiye mshindi. Rasimu inaziita zote mbili bendera. Basi sentensi isemayo kuwa mchezaji "amepata bendera mbili" ina maana gani? Amewarudisha maadui nyuma, au amekaribia kushinda? Twapendekeza bendera ibakie kwenye dadu, na alama ya ushindi iitwe nishani, neno ambalo kila msomaji hulihusisha na heshima aliyopewa mtu kwa kazi aliyoifanya.

Kasoro ya pili ni ya jamii hiyo hiyo. Vikosi vimegawanywa kuwa vyepesi, vya kati na vizito. Na ubao nao umegawanywa kuwa ubavu wa kushoto, kati na ubavu wa kulia. Matokeo yake ni karata inayoamuru "vikosi viwili vya kati vya kati". Msomaji atacheka, lakini mchezaji aliyebakiwa na dakika chache hatacheka. Kati na iwe mahali. Uzito uitwe wastani. Hapo karata itasomeka: "vikosi viwili vya wastani vilivyo kati", wala hapatakuwa na ubishi.

Vivyo hivyo vita. Rasimu inaandika vita vya Cannae na vita vya pili baina ya Roma na Karthago kana kwamba ni mambo ya ukubwa mmoja. Vita vile viliendelea tangu mwaka 218 hadi 201 K.K.; Cannae ilikuwa siku moja tu ya mwaka 216 K.K. Ni kweli kwamba katika mazungumzo twatumia vita kwa yote mawili. Lakini pale dhana zinapokutana katika ukurasa mmoja, hatuna budi kuzitenga: vita kwa jumla yake, pambano kwa siku yake.

Sasa twafika kwenye vitenzi, na hapa ndipo mfasiri alipoiacha hazina kubwa ya lugha yetu. Kanuni za mchezo zinatofautisha mambo matatu. La kwanza: kikosi chepesi kinaposhambuliwa na kikosi kizito huweza, kwa hiari ya mwenyewe, kuondoka kabla ya kukabiliwa, na hivyo kumpunguzia mshambulizi nafasi ya kukipiga. La pili: kikosi kilichopatwa na bendera ya dadu hulazimika kurudi, mwenyewe atake asitake. La tatu: kikosi kilichoshambuliwa kikasalia mahali pake kina haki ya kumpiga aliyekishambulia.

La kwanza rasimu imeliita kutoroka. Hapana. Atorokaye ni mfungwa, au mtoto wa shule, au mdeni. Neno hilo limejaa lawama. Askari wepesi wa kale waliondoka mbele ya adui kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yao: kurusha, kuepa, kurudi tena. Kuepa ndilo neno lake. La pili limeitwa kurudi nyuma, nalo si kosa, ila halionyeshi kwamba mwenyewe hana hiari. Kiswahili kina mnyambuliko wa kuonyesha hilo bila ya kuongeza hata neno moja la maelezo: kikosi hurudishwa nyuma. Basi kikosi huepa kwa kutenda, na hurudishwa nyuma kwa kutendwa. Sarufi yenyewe inaibeba kanuni. La tatu limeitwa kupigana nyuma, tafsiri ya neno kwa neno ambayo Mswahili ataielewa kuwa ni kupigana akiwa upande wa nyuma ya jeshi. Watu husema kujibu mapigo, na walikuwa wakisema hivyo kabla ya mchezo huu kuwako.

Tumeyatilia mkazo haya kwa sababu nyingine, nayo ni Cannae yenyewe. Hannibal aliweka Wagalli na Waiberia katikati ya safu yake, na askari wa miguu wa Libya kwenye mbavu. Warumi walipoisukuma safu ya kati, ilirudi hatua kwa hatua, ikiwavuta ndani. Walibya wakawafunga kwa pande mbili, na wapanda farasi wa Hannibal, wakiisha kuwashinda wale wa Roma, wakawafunga kwa nyuma. Polybius anasema askari wa miguu wa Roma waliouawa walikuwa kama 70,000. Titus Livius anataja 45,500 wa miguu na 2,700 wa farasi. Kwa hesabu yoyote, ni maangamizi. Sasa mfasiri aliyezoea kuandika kutoroka kila jeshi liachapo ardhi atawaelezaje wale waliorudi nyuma wakashinda?

Swali hilo latupeleka kwenye istilahi iliyotutaabisha kuliko zote. Mchezo una aina moja ya vikosi, hasa vya Wagalli, ambavyo hupiga kwa dadu nne vikiwa kamili, lakini vikipoteza hata kete moja hupiga kwa dadu tatu. Kwa Kiingereza huitwa kwa jina lenye maana ya wapiganaji tu. Rasimu, katika jitihada ya kufafanua, inawaita "wapiganaji wa kikabila", na mahali pamoja, pengine kwa kupitiwa, "washenzi".

Neno mshenzi lina historia ambayo wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa. Lilitumiwa pwani kumdharau mtu wa bara, na lingali likiuma. Kuliingiza katika kanuni za mchezo kama jina la kikosi ni kumfanya mchezaji alitamke bila ya kulifikiri, usiku baada ya usiku. Na kikabila hakitofautiani nalo sana. Iwapo kabila ndilo linalomtofautisha Mgalli na Mrumi, mfasiri na akumbuke kwamba raia wa Roma wenyewe waligawanywa katika makabila, nayo yalitimia 35 mwaka 241 K.K. Mrumi aliyesimama Cannae alikuwa na kabila lililoandikwa katika daftari la dola yake. Kwa nini basi yeye aitwe askari, na yule aitwe wa kikabila?

Hapa lakini uhakiki hauna budi kuvuka rasimu na kuufikia mchezo wenyewe. Kanuni ya dadu nne na tatu si ya bure. Yatokana na hukumu ya waandishi wa Roma, Livius akiwamo, kwamba Wagalli hushambulia kwa ukali mno mwanzoni kisha hulegea. Lakini huyo huyo Polybius, katika hesabu ya waliokufa upande wa Hannibal siku ya Cannae, anataja Wagalli 4,000, Waiberia na Walibya 1,500, na wapanda farasi 200. Yaani waliobeba mzigo wa siku ile kwa damu ni hao wasemwao kuwa hulegea. Mbuni wa mchezo aliyafuata maandishi aliyoyakuta, nasi hatumlaumu kwa hilo. Twalowahimiza wafasiri ni kujua kwamba maandishi hayo ni ya upande mmoja. Karthago iliteketezwa mwaka 146 K.K. Katika maktaba zake, kitabu ambacho Seneti ya Roma iliamuru kitafsiriwe kwa Kilatini kilikuwa cha Mago, juu ya kilimo. Na hata hicho hakikufika kwetu ila kwa vipande vilivyonukuliwa na wengine. Namna Wakarthago walivyowaita Wagalli waliopigana pamoja nao, hatuna maandishi yao ya kutuambia. Basi mfasiri wa Kiswahili asiongeze dharau ambayo hata nakala anayoitafsiri haikuiandika. Wapiganaji yatosha. Kikihitajika kivumishi, kiseme wanachokifanya ubaoni: wapiganaji wa mkupuo.

Limebaki jambo dogo la utekelezaji. Tangazo lililoambatana na rasimu lasema duru ya kwanza itaanza "saa 2 usiku". Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa hakuna shaka. Lakini Mswahili aliyezoea saa za Ulaya ataisoma kuwa ni ile tuiitayo sisi saa 8 usiku, naye ataamka kumkuta mpinzani amekwisha kupewa ushindi wa bure. Tusiiache saa yetu. Tuandike saa 2:00 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na pembeni yake 20:00.

Kwa muhtasari, haya ndiyo tunayoyapendekeza:

Pambano: mapigano ya mahali na siku maalumu, yakiwa sehemu ya vita.

Nishani: alama ya ushindi apewayo mchezaji kwa kuteketeza kikosi.

Wastani: daraja ya uzito wa kikosi, baina ya chepesi na kizito.

Kuepa: kuondoka kwa hiari kabla ya kukabiliwa.

Kurudishwa nyuma: kuondoka kwa kulazimishwa na bendera ya dadu.

Kujibu mapigo: haki ya aliyeshambuliwa, akiwa amesalia mahali pake, kumpiga mshambulizi.

Kutaharuki: hali ya ndovu wa vita waliorudishwa nyuma, ambao hupiga vikosi vilivyo jirani, vya adui na vya rafiki.

Wapiganaji wa mkupuo: kikosi kinachopiga kwa nguvu zaidi kingali kamili.

Mapendekezo haya si amri. Walimu wa historia, hasa wale wanaotaka kulitumia pambano la Cannae au la Zama darasani, na wafasiri wa kanuni za michezo mingine, wanaombwa wayajaribu na kutuletea maoni yao kabla hayajapelekwa kwenye kikao cha usanifishaji. Neno mkupuo tunajua litabishaniwa: wako watakaosema linamaanisha wingi wa mara moja wala si ukali. Mwenye neno bora na alilete, mradi lisiwe lile la kumdharau mtu.