Pongezi kwa Mabaharia wa Bendera

Kabla ya redio, manowari zilisemezana kwa vitambaa. Aliyezipa sauti alikuwa baharia wa ishara, na leo nampa heshima yake.

Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar, mapigano yakikaribia, Admirali Nelson alitaka kuwaambia watu wake kwamba Uingereza ina imani kila mtu atatimiza wajibu wake. Luteni John Pasco, msimamizi wa ishara ndani ya HMS Victory, akamwomba abadili neno moja: "inatarajia" badala ya "ina imani". Neno hilo lilikuwamo katika kitabu cha ishara cha Home Popham, likapanda kwa mkupuo mmoja. Lile la Nelson lingeendelezwa herufi kwa herufi. Nelson akakubali.

Huo ndio ustadi ninaousifu: kuzijua bendera kwa moyo, kuvuta henza upepo ukivuma, kusoma kwa darubini kitambaa kinachopigwapigwa na dhoruba. Tena kazi hii ina ukweli. Aliyeona ishara hupandisha bendera ya kujibu nusu tu. Akishaielewa, ndipo huifikisha juu kabisa. Hakuna kuitikia usichokielewa.

Bendera hizo zingali hai. Ya manjano tupu husema chombo kina afya na chaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Ya nyekundu na manjano hulia kwamba mtu kaanguka majini.

Enyi mliokesha chini ya mlingoti ili wenzenu wafike salama, ahsanteni. Bahari inawakumbuka.