Kigoda cha Bibi na Uhakiki Wetu

Wahakiki wetu tukifika kwenye mandhari huandika mstari mmoja: kijijini, mjini, basi. Ndani ya nyumba hatuingii. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka nilipokwenda Mkolani, Mwanza, kurekodi ngano za bibi yangu, Mkerewe, kwa ajili ya somo la fasihi simulizi.

Nilimkalisha sebuleni kwa baba mdogo. Mnazijua sebule zetu: makochi ukuta hadi ukuta, vitambaa vya kufuma juu yake, kabati la vyombo visivyotumika. Bibi alikaa ukingoni, miguu inaning'inia, akamaliza ngano tatu kwa dakika kumi kama shahidi mahakamani. Nikaandika: "Msimulizi amesahau."

Usiku akaniita jikoni. "Mume wangu, njoo huku, kule kunanibana." Yuko kwenye kigoda, mwiko mkononi, watoto wamemzunguka chini. Ngano ile ile ya sungura ilikwenda karibu saa nzima, na nyimbo zake, na viitikio, na fisi akachapwa kwa mwiko kweli kweli. Kinasa sauti nilikuwa nimekiacha kwenye kochi.

Nilirudia kusoma *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka* cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alichokiandika kwa Kikerewe mwaka 1945, toleo la Kiswahili likatoka 1980. Wapo wanaolalamika eti anachelewesha hadithi kwa kueleza mno maisha ya nyumbani, vyombo na maamkizi. Nami nilikuwa nayaruka. Tulikosea, ndugu zangu. Myombekere anapokwenda ukweni kumwomba mkewe aliyechukuliwa na wazazi, haombi hewani. Anaomba ndani ya mji wa watu, wenye adabu zake za kuingia, kukaa na kusema. Ondoa hayo, ombi lake linabaki sentensi mbili, kama ngano za sebuleni. Wasukuma nao walilijua jambo hili: pale makumbusho ya Bujora, Kisesa, jengo la watemi limepewa umbo la kiti cha enzi.

Lakini tusikiremBe kigoda. Shangazi hukalia kigoda jikoni kwa kuwa kochi ni la baba mdogo na wageni wake, na katika ngano za jikoni wanaume hawakuwepo kusikia jinsi fisi alivyofanana nao. Hilo nalo ni suala la kuhakikiwa.

Ripoti niliikabidhi na ngano za sebuleni tu, maana ndizo zilizorekodiwa. Alama nilipata nzuri. Neno "amesahau" bado limo, chini ya jina la bibi.