Kulisikiliza Jua Kutoka Bokoli

Wasikilizaji wa masafa mafupi huku Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma, Kenya, wanaijua adha hii: matangazo ya mchana yanaingia vizuri, mara sauti ya mtangazaji inazama na kubaki mvumo mtupu. Mwenye redio anabadilisha betri, anazungusha antena, anawashuku watoto. Baadaye sauti inarudi polepole, yenyewe. Mara nyingi kosa huwa la betri kweli. Mara mojamoja huwa la jua.

Ufundi wa mtazamaji wa jua wa ridhaa umo hapo hasa, katika kulitenga la jua na la nyumbani.

Jua likilipuka, eksirei zake hufika duniani kwa dakika nane na ushee. Huchaji tabaka la chini la ionosfia, yaani la angahewa ya juu, kilomita 60 hadi 90 juu ya ardhi, nalo humeza mawimbi ya masafa mafupi yanapolipita. Walio usiku hawaguswi. Wanaoathirika zaidi ni wale ambao jua limewasimamia utosini, na Bokoli haifiki digrii moja kaskazini mwa ikweta. Mtazamaji wa Norwei hawezi kuinunua bahati hiyo.

Mfano upo. Tarehe 3 Oktoba 2024, saa tisa na dakika 18 alasiri, saa za Afrika Mashariki, mlipuko wa X9.0, yaani wa daraja la juu kabisa la milipuko ya jua, ulifikia kilele, mkubwa kuliko yote iliyokuwa imetangulia katika mzunguko wa jua ulioanza Desemba 2019. Kenya ilikuwa mchana. Ule wa X8.7 wa tarehe 14 Mei mwaka huohuo ulitokea jua likiwa limekwisha kuzama huku.

Sasa, alasiri ya Oktoba upande huu wa Mlima Elgon ni saa ya mawingu na radi. Mwenye darubini hujikunja akaingia ndani. Mwenye redio huendelea, ingawa kila radi humpasukia sikioni. Hivyo mwenye redio anahitaji mashahidi zaidi ya mmoja. Kwenye megahezi 14.100 kuna vituo 18 vya ishara duniani vinavyopokezana zamu, kila kimoja sekunde kumi: 5Z4B ni cha Kenya, ZS6DN cha Afrika Kusini, 4X6TU cha Israeli. Cha kusini na cha kaskazini vikififia pamoja mchana na kurudi polepole vyenyewe, betri haina hatia, wala radi.

Wengine hushuka hadi kilohezi ishirini na kitu, kwenye mitambo ya majeshi ya wanamaji inayowasiliana na nyambizi. Antena ni waya uliozungushwa kwenye fremu ya mbao, na kadi ya sauti ya kompyuta hufanya kazi ya redio. Huko kwa kawaida mlipuko huongeza nguvu ya mawimbi: mchoro hupanda ghafla na kushuka taratibu, kama pezi la papa.

Darubini nayo ina heshima yake ya kale. Richard Carrington, aliyekuwa akisimamia kiwanda cha bia cha familia yake Uingereza, alikuwa akichora madoa ya jua tarehe 1 Septemba 1859 alipoona nuru mbili kali zikiwaka kwenye uso wa jua na kufifia ndani ya dakika tano hivi. Hakuamini haraka. Alikimbia kumtafuta shahidi, na aliporudi nuru ilikuwa karibu kwisha. Bahati nzuri Richard Hodgson, mwingine wa ridhaa, aliona hayohayo akiwa peke yake. Baada ya saa 17 na zaidi dhoruba ya sumaku ikaikumba dunia na kuvuruga nyaya za simu za maandishi.

Anayetaka kuanza asitazame jua kwa jicho wala kwa darubini isiyo na kichujio chake maalumu mbele ya lenzi; ni upofu. Aanze na redio na daftari. Aandike tarehe, masafa, hali ya hewa, na kama stima ilipotea. Saa aiandike ya UTC, yaani apunguze tatu kwenye ya Nairobi, ili kumbukumbu yake ilinganishwe na vipimo vya eksirei za jua vya setilaiti za GOES vya dakika ileile.