Orodha ya miaka 40: tunataka nini, tunadaiwa nini?

Katika kurasa za mila tumezoea kuzungumza juu ya ndoa, kilio, majina na tohara. Safari hii tunaleta desturi mpya, ambayo wengine wataiona kuwa mchezo wa watoto. Siku hizi, kule Kindu na hata hapa Kibombo, mtu akikaribia kutimiza miaka 30, 40 ao 50 anafanya aniversere, na pamoja na keki na soda anaandika orodha ya mambo anayotaka kutimiza ndani ya mwaka ule: kununua paseli, kujenga, kumaliza lisansi, kupanda ndege, kupunguza pombe. Mmoja anaisoma mbele ya wageni, mwingine anaificha ndani ya daftari. Wazee wanacheka: "Hawa batoto banapanga na Mungu?" Vijana wanajibu kwamba asiyejipangia atapangiwa na wengine.

Sisi tunaona kila upande uko na haki yake, lakini wote wawili wamepita kando ya swali lenyewe. Swali si kuandika ao kutoandika. Swali ni hili: nini inaandikwa kwanza, na nani anashuhudia?

Wazee walihesabu namna gani

Tuseme wazi: siku ya kuzaliwa si mila ya babu zetu. Wazee wengi hawana tarehe. Kwenye kitambulisho wameandikiwa tu kwamba walizaliwa karibu na 1940 ao karibu na 1945. Ukimuuliza mzee wa namna hiyo miaka yake, anakuhesabia kwa mambo yaliyopita. Alikuwa anachunga wadogo zake wakati wa uhuru, 1960. Alikuwa amekwisha kutahiriwa wakati Wasimba waliposhika Kindu, mwezi wa 7 wa 1964. Alioa mbele ya nchi kuitwa Zaire, 1971. Alizika mke wake wakati wa vita ya 1998.

Angalia vizuri hesabu hiyo. Ndani yake hakuna mtu wa peke yake. Miaka ya mzee imefungwa pamoja na miaka ya jirani yake, na jirani anaweza kumsahihisha: "Hapana yaya, wakati ule ulikuwa bado mutoto." Mwenye tarehe anaweza kufanya sikukuu peke yake na kujisifu apendavyo. Mwenye hesabu ya mzee hawezi, kwa sababu mashahidi wake wako hai.

Lakini isisemwe kwamba wazee hawakuwa na malengo. Sisi wa Kibombo wengi wetu ni Wakusu, na tusione haya kujifunza kwa majirani zetu Walega wa Pangi. Wao walikuwa na bwami, na bwami ilikuwa ni ngazi: kongabulumbu, kansilembo, ngandu, yananio, halafu kindi, ambayo wachache tu waliifikia. Mwanaume aliingia chini na kupanda maisha yake yote. Daniel Biebuyck, aliyekaa kati ya Walega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa juu yao mwaka 1973, alionyesha kwamba kila hatua ilikuwa na gharama yake ya vyakula na ya musanga, zile pesa za makombe, na kwamba mtu hakuweza kuzipata bila ukoo wa baba na ukoo wa mama kumshika mkono. Tena mali peke yake haikutosha. Mgomvi, mzinzi ao mwenye maneno mingi alingoja. Na mke hakuachwa nyuma: alipanda pamoja na mume wake, na ngazi ya wake za wakubwa iliitwa bunyamwa.

Walega hawakuandika malengo hayo kwenye karatasi. Yaliwekwa ndani ya vitu: sura ndogo za mti kwa yananio, za pembe za ndovu kwa kindi, na vitu vingi vya kawaida kabisa, na kila kimoja kilikuwa na mithali yake. Mwenye kukishika alikumbushwa tabia inayotakiwa kwake. Alipokufa, kitu hakikufa naye. Mwingine alikipokea pamoja na maneno yake. Wabelgiji walikataza bwami mwaka 1948, lakini haikwisha. Watu waliendelea nayo kwa siri.

Misikiti na misa zinasema nini

Mtu atasema: hayo ni mambo ya zamani, sisi ni watu wa dini. Vema. Katika Maniema Uislamu na lugha hii ya Kiswahili vilifika pamoja na wafanya biashara wa Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, kwa hiyo tuanze na Kurani. Sura ya Al-Ahqaf inataja miaka 40 kwa jina lake. Inaanza na mama aliyebeba mimba kwa taabu na kuzaa kwa taabu. Halafu mtoto yule anafikia nguvu zake na miaka 40, na hapo anaomba. Anaomba nini? Awe na shukrani kwa neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, na uzao wake uwe mwema. Hiyo nayo ni orodha ya aniversere! Lakini mbele yake wamesimama wazazi, nyuma yake wamesimama watoto, na yeye yuko katikati.

Wakristo nao wanapenda neno yubile. Padri akitimiza miaka 25 ya upadri, ao mtawa miaka 50 ya nadhiri, tunachanga na kucheza. Lakini yubile ya kitabu cha Walawi, mlango wa 25, haikuwa mwaka wa kupokea zawadi. Katika mwaka wa 50 shamba lililouzwa lilirudi kwa wenyewe, na mtumwa alirudi kwa jamaa yake. Ulikuwa mwaka wa kurudisha.

Hata nchi inafanya orodha

Nchi yetu nayo ilifanya aniversere, na somo lake tuliliona kwa macho. Baada ya uchaguzi wa 2006 serikali ilitoa orodha ya kazi tano: njia na majengo ya nchi, shule na afya, maji na umeme, nyumba, kazi kwa watu. Tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2010 tulitimiza miaka 50 ya uhuru. Kule Kinshasa barabara kubwa yenye jina la siku ile ilikuwa imepanuliwa, na mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja kuangalia gwaride. Hapa Kibombo tuliendelea kungoja treni na kusukuma baiskeli katika matope. Orodha yenyewe haikuwa mbaya. Hakuna anayekataa maji na umeme. Lakini ilisomwa na mwenyewe, ikasifiwa na mwenyewe, na sisi tuliotajwa ndani yake hatukuitwa kushuhudia.

Linganisha na 30 mwezi wa 6 mwaka 2022. Siku ile nchi ilizika huko Kinshasa jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, lililorudishwa kutoka Ubelgiji na kupitishwa kwanza Onalua alipozaliwa. Lumumba alifanya kazi hapa Maniema akiwa kijana, na aliuawa mwaka 1961 akiwa na miaka 35. Sikukuu ile haikuahidi kitu. Ililipa deni la miaka 61, na watu waliilia. Dawa ya deni ni kulipa.

Kwa hiyo?

Vijana tusiwaonee. Karatasi yao iko na faida. Mwenye kuandika "nitaacha pombe" na tarehe chini yake amejifunga zaidi kuliko mwenye kusema kila mwaka "Mungu akipenda". Tena mila zetu si za kusifiwa zote. Katika bwami mtu mwenye ukoo mdogo alibaki chini hata akiwa na tabia nzuri, na mwanamke alipanda kwa mgongo wa mume. Na sisi wote tunajua jamaa wanaokula mshahara wa kijana mmoja mpaka anafika miaka 50 bila hata bati moja juu ya kichwa chake. Kijana wa namna hiyo akiandika "mwaka huu ninajenga", anajiokoa, asiitwe mchoyo.

Lakini kuna karatasi nyingine. Mtu wa miaka 40 anaandika paseli ya Kinshasa na safari ya Dubai, na nyumba ya mama yake mzazi hapa kijijini inavuja. Mdogo wake, aliyeacha masomo ili yeye amalize yake, hakutajwa popote. Mwaka unapita, paseli haikupatikana, na mwenyewe anaanza kukwepa watu, kwa sababu aliahidi vitu na vitu vimekataa. Hapo ndipo tunapoogopa. Orodha ya matakwa ikishindwa inamwachia mtu haya tu. Orodha ya madeni, hata ikilipwa nusu, tayari imemfaa mtu fulani.

Maoni yetu ni haya. Anayetimiza miaka 30, 40 ao 50 agawe karatasi yake mara tatu. Juu aandike anaowiwa nao: mzazi, mdogo, mwalimu, mtu aliyekosana naye. Katikati aandike tabia anayotaka kubadili, sawa Walega walivyofanya kwa mithali. Chini ndipo aandike paseli na ndege. Halafu asiwasomee wageni wa keki. Aisome mbele ya watu wawili wasiomwogopa, mmoja mzee, mmoja wa rika lake, ambao baada ya mwaka watarudi kumwuliza.

Na kama ni lazima kuanza na jambo moja, aanze na bati la mama. Miaka yake yeye ameiandika kwa tarehe. Ya mama imeandikwa "karibu na", na hakuna anayejua imebaki mingapi.