Gofu la Danvers na Sauti ya Simon

Senema nyingi za kutisha hazina la kumpa mtu. Ni damu na mayowe, na mwenye kuitazama huinuka vile vile alivyokaa, ila usingizi umempotea. "Session 9" ya Brad Anderson, iliyotolewa Marekani mwaka 2001, si ya namna hiyo, na kwa kuwa vijana huzitazama senema hizi majumbani mwetu, ni kheri wazee nao wajue hii imebeba nini.

Gofu lililomo ni la kweli. Ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Danvers, katika jimbo la Massachusetts, iliyofunguliwa mwaka 1878 na kufungwa 1992. (Baadaye sehemu kubwa ilibomolewa, pakajengwa nyumba za kupangisha. Watu wanalala pale!) Mafundi watano wanaingia kuondoa asbesto. Mkubwa wao, Gordon, ana mtoto mchanga na dhiki ya pesa, na ili aipate kazi ameahidi kuimaliza kwa juma moja, naye ajua haitoshi.

Sisi watu wa pwani tukisikia gofu hungoja jini. Hapa hatoki. Khofu yaja mchana kweupe, kutoka kwa mtu aliyechoka, asiyesema yaliyomo moyoni. Gordon hujitenga akampigia simu mkewe, akimwomba radhi. Kwa rafiki yake Phil anakiri kuwa alimpiga, kisa ni maji ya moto yaliyomwagika. Mwisho ndipo tunapojua kuwa mke na mtoto alikwisha kuwaua, na simu anayoisemea ni mbovu.

Huku nyuma Mike, mmoja wa mafundi, anasikiliza kanda za mgonjwa wa zamani, Mary, aliyeua watu wa nyumbani kwake. Ndani ya Mary mna sauti iitwayo Simon. Daktari anapoiuliza kwa nini iliua, jibu lake, kwa maana, ni kuwa Mary aliiruhusu. Haki isemwe, hapo mtunzi ameigusa kweli. Mwenye kutia wasiwasi huita tu. Mlango hufunguliwa na mwenye nyumba.

Kisha akaiharibu. Neno la mwisho amempa Simon, na mtazamaji huondoka akidhani Gordon alikuwa chumba tu, kapanga mwingine. Mume apigaye mkewe kisha akasema "shetani alinipitia" ataipenda sana senema hii. Na Wendy, mkewe? Zaidi ya saa nzima tumefundishwa kumwonea huruma aliyeua, na aliyeuliwa hatukujuzwa hata alikuwa mtu wa namna gani.