Kuipima Hewa kwa Alama Chache

Korosho ikifika ghalani Ruangwa au Nachingwea, mpima ubora hapasui gunia zima. Huchota sampuli, hupasua punje moja moja, hutazama kama kiini kimejaa, kimesinyaa au kimeoza, kisha hukadiria gunia la kilo 80 litatoa pauni ngapi za kiini kizuri. Punje zilizopasuliwa zimeshatoka kwenye mzigo. Ustadi wake ni kupasua za kutosha kujua na kubakiza za kutosha kuuza.

Mnara wa simu unaolihudumia ghala hilo una kazi ya namna hiyo, ila mali yake hubadilika tabia kabla mpimaji hajaweka kalamu chini.

Wimbi la masafa ya 1800 MHz lina urefu wa sentimita 17 hivi. Haliji kwenye simu kwa njia moja. Kuna linalokuja moja kwa moja, kuna lililogonga kilima, kuna lililopita kwenye majani ya mikorosho au kurushwa na bati la ghala. Yakikutana yameoana, yanaongezeana nguvu. Yakipishana kwa nusu ya wimbi, yanauana. Kwa hiyo sentimita nane tu zinaweza kutenganisha sauti safi na sauti inayokatika. Basi la kutoka Nachingwea likikimbia kilomita 80 kwa saa humaliza hizo sentimita nane kwa chini ya milisekunde nne. Abiria analalamika kwamba network inasumbua, na ana haki, lakini mimi hushangaa zaidi inapokuwa haisumbui.

Simu haiwezi kuelewa ilichopokea mpaka ijue hewa imelifanyia nini wimbi njiani: limefifia kiasi gani, limezungushwa vipi, mwangwi wake umechelewa muda gani. Njia ya kujua ni kutumiwa kitu ambacho tayari inakijua. Inalinganisha kilichotarajiwa na kilichofika, na tofauti yake ndiyo sura ya hewa kwa wakati huo. Gharama ni kwamba alama inayojulikana tayari haina habari mpya. Imekalia kiti ambacho kingekaliwa na neno la mtu.

Tuanze na GSM, mtandao wa vitochi, ambao wengi wanaudharau siku hizi. Humo maneno yako husafiri kwa vifurushi vya biti 148, kila kimoja kikipewa nafasi ya milisekunde 0.577. Kati ya hizo 148, biti 26 ni za kupimia tu, yaani zaidi ya moja ya sita. Ni nyingi, nakubali. Lakini tazama zilipowekwa: katikati kabisa ya kifurushi, biti 57 za maneno zikiwa upande huu na 57 upande ule. Zingewekwa mwanzoni, kipimo kingekuwa kimeanza kuchakaa kufikia biti za mwisho. Zikiwa katikati, hakuna biti iliyo mbali sana na kipimo. Ndani ya muda wa kifurushi kizima basi letu limesogea kama sentimita moja tu na ushee, hivyo kilichopimwa katikati kinaaminika hadi pembeni zote mbili. Biti hizohizo 26 hufichua pia mwangwi: biti moja huchukua muda ambao wimbi husafiri kilomita 1.1, kwa hiyo kilima kinachorefusha njia kwa kiasi hicho hujitokeza kama nakala iliyochelewa kwa biti moja. Simu huiona, huikadiria na kuifuta. Waliobuni mpango huu waliubuni miaka ya 1980, na sijaona kilichobuniwa baadaye kikaupita kwa urembo.

4G ilikwenda kwa njia nyingine. Yenyewe hugawa hewa kama shamba la vijishimo: masafa upande mmoja, muda upande mwingine. Kipande kimoja cha kilohezi 180 kwa milisekunde moja kina vijishimo 168. Mnara wenye antena moja hupanda alama za kupimia katika vijishimo vinane. Wenye mbili, katika 16, chini kidogo ya asilimia kumi. Hazipandwi kwa mstari mnyoofu, zinapishana, ili kila moja ifunike sehemu ambayo jirani yake haifiki. Vijishimo vilivyobaki simu hujikadiria yenyewe, kwa hesabu ya kujaza katikati ya pointi zinazojulikana. Mnara wenye antena nne hautumii 32 kama ambavyo ungedhani. Hutumia 24, kwa sababu antena ya tatu na ya nne zimepewa nusu ya alama, kwa kuwa hufaa zaidi mtu anapokuwa hatembei kwa kasi.

Mpango huo uliwekwa ustahimili mwendo wa kilomita 350 kwa saa, na hata 500 katika baadhi ya masafa. Ni mwendo uliokusudiwa treni za kasi, kama za Japani na Ufaransa. Reli ya Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mkulima aliyekaa kimya chini ya mkorosho akisubiri bei ya mnada bado anatozwa alama za abiria wa treni ya kasi. 5G ndiyo iliyomwonea huruma. Alama zake za kusomea data huja pamoja na data, na huongezwa pale tu mwendo unapodai.

Kwa kijiji cha pembezoni shida ni nyingine: hewa imetulia, ila wimbi linafika limechoka. Mwaka 2003 Babak Hassibi na Bertrand Hochwald walionyesha kwamba ishara ikiwa dhaifu sana, na alama zote zikitumwa kwa nguvu ileile, kipimo hustahili karibu nusu ya muda wote. Ukiruhusiwa kugawa nguvu upendavyo, zinatosha alama chache tu, sawa na idadi ya antena zinazotuma, mradi zitumwe kwa sauti kubwa zaidi. 4G nayo inaruhusu jambo la aina hiyo: mnara unaweza kuzipa alama za kupimia nguvu zaidi kuliko data iliyo kando yake, bila kuongeza hata alama moja.