Riba Yaingia kwa Mlango wa Uani

Imezuka hoja huku kwetu Misungwi, katika Mkoa wa Mwanza, na naamini huko pwani nako haikosekani. Husemwa hivi: mkopo wa halmashauri hauna riba; basi mtu akiuchukua, akauweka benki katika akaunti ya muda maalumu, akala nyongeza yake kisha akarejesha rasilimali, amemdhulumu nani? Hoja hii ni tamu masikioni, lakini ukiipima haisimami.

Tuanze na asili ya fedha hizo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 imekataza kuzitoza riba. Makusudio yake ni kazi. Hapa kwetu daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na abiria hawangojei tena kivuko. Mama lishe aliyekuwa akiwategemea abiria wale hana budi kutafuta biashara nyingine, na mkopo huu ndio wa kumfaa. Mwaka 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii, baada ya wakaguzi kuonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, ikaanza tena mwaka 2024. Basi anayeomba kwa jina la ufugaji wa kuku, kisha akazifungia fedha benki, amevunja ahadi na amemzibia njia mwenye haja.

Ama riba, wenye hoja hii wameutazama mlango mmoja tu. Kwa mlango wa mbele, pale mtu anapokopa, kweli riba hamna. Lakini akishaziweka fedha benki kwa sharti la nyongeza, sasa yeye ndiye mkopeshaji na benki ndiyo mkopaji. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ndiyo riba iliyoharimishwa katika Suratul Baqara, aya ya 275 na zinazofuata. Usafi wa mkopo wa kwanza hauutakasi wa pili. Maji ya kisima safi, ukiyatia katika ndoo yenye najisi, hutawadhi nayo.

Na asiyejali hayo, na aitazame hesabu. Tuseme kikundi cha watu 10 kimekopa shilingi 5,000,000 kwa mwaka mmoja, na benki yatoa 8 kwa kila 100. Nyongeza ni 400,000; ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, zabaki 360,000. Kila mtu apata 36,000, yaani shilingi 3,000 kwa mwezi. Na marejesho je? Yakiwa ya kila mwezi ni zaidi ya 416,000, nayo hayangoji amana iive. Hapana budi yatoke mfukoni. Akiugua mmoja na kuhama mwingine, wenziwe wabebe mzigo. Wakiivunja amana kabla ya muda wake, nyongeza yapungua au yapotea yote. Wakikimbilia mkopo wa benki kuziba pengo, hapo riba wanailipa wao. Na wakichelewa, majina yao yataonekana katika kumbukumbu za wakopaji zilizowekewa kanuni na Benki Kuu mwaka 2012. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Aya ya 280 ya sura hiyo hiyo yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Rehema hiyo ni ya aliyehangaika akashindwa. Si kinga ya mwenye mali anayeifungia huku mwenye haki akingoja. Tukumbuke pia kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa maiti mwenye deni, naye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipolibeba deni lile. Ikiwa deni ni zito kiasi hicho, vipi mtu aliingie kwa mchezo?

Basi, ndugu yangu, ukikopa, kopa kwa kazi uliyoiandika, na ulipe kwa wakati. Ukiwa na akiba yako, ziko njia za halali: Amana Bank, kwa mfano, yafanya kazi bila riba tangu mwaka 2011. Na kama kazi huna, usikope. Mwachie mwenye kazi. Shilingi 3,000 kwa mwezi si thamani ya dini ya mtu, wala ya jina lake.

Wabillahi tawfiq.